Bekereli katika maziwa ya unga: maswali na majibu kuhusu vitu nururifu na mwili wa binadamu

Chakula kinachoingizwa Tanzania kutoka nje hupimwa mionzi, na kazi hiyo iko mikononi mwa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, yenye maabara Njiro jijini Arusha. Majibu ya kipimo huandikwa kwa namba na majina ambayo msomaji wa kawaida hajayazoea, na hapo ndipo maswali huanza. Swali la kwanza karibu kila mara huwa ni lile lile, "kina mionzi au hakina?", nalo halisaidii, kwa sababu hakuna chakula, maji, udongo wala mwili wa mtu usio na unururifu kabisa. La kuuliza ni hili: ni kitu gani, ni kiasi gani, na kikiingia mwilini kinakwenda kukaa wapi.

Kuna tofauti gani kati ya mionzi na kitu nururifu?

Kitu nururifu ni kile ambacho viini vya baadhi ya atomu zake havijatulia, hivyo huvunjika vyenyewe, na kila kinapovunjika kimoja hutoka mionzi. Mfaransa Henri Becquerel aligundua jambo hilo mwaka 1896 alipokuwa akichunguza chumvi za urani, na kwa heshima yake kipimo cha unururifu kikaitwa bekereli: bekereli moja ni kiini kimoja kinachovunjika kila sekunde.

Tofauti hii si ya vitabuni tu. Anayeota moto hupata joto, lakini akiondoka jikoni haondoki na moto, ilhali aliyemeza kaa anatembea nalo. Aliyepigwa picha ya eksirei ni kama aliyeota moto: mionzi imempitia, mashine imezimwa, na hakuna kilichobaki mwilini cha kumwambukiza mwenzake. Aliyekula au kuvuta vumbi la kitu nururifu ndiye aliyemeza kaa, na habari yake hutegemea ni kaa la namna gani.

Wataalamu wanajuaje ni kitu gani kilichomo ndani ya chakula?

Kwa vitu vingi wanajua kwa kusikiliza nishati. Kila isotopu, yaani aina ya atomu inayotajwa kwa jina na namba yake, ikiwa inatoa mionzi ya gama huitoa kwa nishati yake mahususi, kama vile mtu anavyotambulika kwa sauti hata kabla hajaonekana: sesiamu-137 hutambulika kwa kiloelektronivolti (kipimo cha nishati) 662, na potasiamu-40 kwa 1,461. Sampuli ya takriban kilo moja hujazwa katika chombo cha plastiki chenye uwazi kwenye kitako, kisha chombo huvishwa juu ya kigunduzi cha jemaniamu ili chakula kikizunguke pande zote. Kigunduzi chenyewe hupozwa, mara nyingi kwa nitrojeni kimiminika yenye nyuzijoto 196 chini ya sifuri, na hufunikwa kwa kuta nene za metali ya risasi, kwa sababu saruji ya jengo, udongo na hata mwili wa mpimaji vina unururifu wake ambao ungechanganyika na ule unaotafutwa. Kisha watu husubiri kwa saa kadhaa mashine ikihesabu.

Kazi ngumu zaidi ni ya vitu visivyotoa gama ya kutambulika. Strontiamu-90 hutoa chembe za beta peke yake, ambazo hazina nishati moja ya kuzibainisha, hivyo hapa mkemia lazima afanye kazi ya kemia hasa: aichome sampuli iwe majivu, aiyeyushe kwa asidi, aitenge strontiamu na kalisi ambayo inafanana nayo sana, halafu angoje takriban wiki mbili hadi itriamu-90 inayozaliwa na strontiamu hiyo ifikie uwiano unaohesabika. Poloniamu-210 nayo hutoa chembe za alfa, ambazo karatasi moja tu huzizuia. Kwa sababu hiyo hutolewa kwenye myeyusho na kutandazwa juu ya kisahani cha fedha kama utando mwembamba kabla ya kupimwa. Mfanyabiashara anayelalamika kwamba majibu yamechelewa aelewe kwamba sehemu ya muda huo haiwezi kuharakishwa na mtu yeyote. Aelewe vilevile kwamba kile kifaa cha mkononi kinacholia kwa mlio wa kukatikakatika, ambacho baadhi ya watu hukinunua mtandaoni na kukisogeza juu ya gunia la mchele, hakiwezi kupima kiwango kidogo kilichomo ndani ya chakula.

Kwa nini iwe muhimu kujua jina la kitu hicho? Mionzi si mionzi tu?

Sivyo. Mwili hautambui kwamba atomu fulani ni nururifu. Unachotambua ni kemia yake, na huipokea kama ungempokea ndugu yake asiye na madhara. Sesiamu inafanana na potasiamu, kwa hiyo husambaa kwenye misuli na mwilini kote, na baadaye hutoka polepole kwa njia ya mkojo. Strontiamu na rediamu zinafanana na kalisi, kwa hiyo huelekea kwenye mifupa na kukaa huko miaka mingi, jirani na uboho unaotengeneza damu. Katika miaka ya 1920 wasichana wa viwandani nchini Marekani, waliokuwa wakipaka rangi yenye rediamu kwenye nyuso za saa na kuchongoa ncha za brashi kwa midomo, waliharibika mifupa ya taya, na baadhi yao walikufa.

Aidini, ambayo wengi wetu tunaijua kama madini joto ya kwenye chumvi, hukusanywa na tezi ya shingoni inayoitwa thairoidi. Kinu cha nyuklia cha Chernobyl, katika nchi inayoitwa leo Ukraine, kilipolipuka tarehe 26 Aprili 1986, aidini-131 ilianguka juu ya majani, ng'ombe wakala majani, watoto wakanywa maziwa, na tezi zao ndogo zikakusanya mzigo mkubwa kuliko za watu wazima. Saratani ya thairoidi iliongezeka miongoni mwa waliokuwa watoto wakati ule, na hali ilikuwa mbaya zaidi kwa waliokuwa na upungufu wa madini joto tangu mwanzo, kwa kuwa tezi yenye njaa hunyakua chochote kinachopita. Linalouma ni kwamba nusu-maisha ya aidini-131, yaani muda wa nusu ya atomu zake kuvunjika, ni siku 8 tu. Maziwa yale yale yakigeuzwa unga na kuwekwa ghalani kwa siku 80, aidini iliyobaki ni chini ya sehemu moja kwa elfu. Sesiamu-137, yenye nusu-maisha ya miaka 30, haisubiriki hivyo.

Tuseme cheti kinaonyesha sesiamu-137 bekereli 50 kwa kilo. Je, maziwa hayo yatupwe?

Tufanye hesabu badala ya kuogopa. Mtu mzima akila kilo 50 za unga huo kwa mwaka, kiasi ambacho si wengi watakifikia, atakuwa ameingiza bekereli 2,500 za sesiamu, na dozi ya mionzi ambayo mwili wake utapokea ni takriban milisiveti 0.03. Milisiveti ni kipimo cha athari inayoweza kuupata mwili, tofauti na bekereli ambayo huhesabu tu viini vinavyovunjika. Kwa wastani wa dunia, kila mtu hupokea milisiveti 2.4 kwa mwaka kutokana na ardhi, anga, hewa na chakula cha kawaida. Kodeksi, tume ya pamoja ya Shirika la Chakula na Kilimo na Shirika la Afya Duniani inayoweka viwango vya chakula, imependekeza ukomo wa bekereli 1,000 kwa kilo kwa sesiamu-137 katika biashara ya kimataifa baada ya ajali ya nyuklia, na bekereli 100 kwa aidini-131. Nchi inaweza kuweka ukomo mkali zaidi, na mwenye mzigo hufuata sheria ya nchi anakoupeleka.

Jambo ambalo huwashangaza wengi ni kwamba unga huo huo una bekereli mia kadhaa kwa kilo za potasiamu-40 ambazo hakuna aliyezitia, kwani zimo katika potasiamu yote duniani. Ndizi moja ina takriban bekereli 15, na mwili wa mtu mzima una zaidi ya 4,000. Kula ndizi nyingi hakuongezi hesabu hiyo, kwa kuwa mwili hujiwekea kiasi chake cha potasiamu na kutoa ziada.

Kijiji chetu kiko karibu na mahali palipogunduliwa urani. Maji ya kisima ni salama?

Kuwepo kwa urani ardhini, kama ilivyo Bahi mkoani Dodoma, Manyoni mkoani Singida au Namtumbo mkoani Ruvuma, hakuthibitishi kwamba maji ya kisima fulani yana urani, na kutokuwepo kwa mgodi hakuthibitishi kwamba hayana. Miamba ya matale nayo huachia urani katika maji ya chini ya ardhi. Kinachothibitisha ni kupima. Pendekezo la Shirika la Afya Duniani ni urani isizidi mikrogramu 30 kwa lita, na ukomo huo umewekwa kwa sababu ya mafigo: urani ni metali nzito yenye sumu, na katika maji ya kunywa sumu hiyo ya kikemia hutangulia hatari ya mionzi yake.

Kuchemsha kunaua vijidudu lakini hakuondoi urani. Maji yanapopungua sufuriani, iliyobaki huzidi kukolea. Radoni, ambayo ni gesi, ndiyo inayotoka maji yanapochemshwa au kutikiswa, lakini ni vizuri dirisha la jiko liwe wazi, maana radoni inayovutwa ndani ya nyumba kwa miaka mingi husababisha saratani ya mapafu, hasa kwa mvutaji wa sigara. Kwa urani yenyewe, suluhisho ni mitambo ya kusafisha maji ya aina ya osmosi rejea au ya kubadilishana ayoni, au kutafuta chanzo kingine.

Ajali ya nyuklia ikitokea, tule chumvi nyingi yenye madini joto?

Hapana. Mwezi Machi 2011, baada ya ajali ya Fukushima nchini Japani, watu nchini China waligombania chumvi madukani bila faida yoyote. Kidonge cha kuizuia tezi isikusanye aidini nururifu, kwa mtu mzima, kina miligramu 130 za potasiamu aidaidi, na chumvi ambayo ingehitajika kufikia kiasi hicho ingemdhuru mlaji muda mrefu kabla ya mionzi kumfikia. Kidonge chenyewe huilinda thairoidi peke yake, tena dhidi ya aidini tu, na humezwa pale mamlaka zinapoagiza.

Wanunuzi wa vyuma chakavu wajihadhari na nini?

Swali hili ndilo ambalo ningependa liulizwe mara nyingi zaidi, kwa sababu kwa wakazi wengi wa Afrika Mashariki hatari ya kinu kulipuka iko mbali kuliko hatari ya kifaa cha hospitali au kiwanda kilichotelekezwa. Mwezi Septemba 1987, mjini Goiânia nchini Brazili, watu wawili walibeba sehemu ya mashine ya tiba ya saratani kutoka katika kliniki iliyohamwa, wakaiuza kwa mfanyabiashara wa vyuma chakavu. Ndani yake mlikuwa na unga wa sesiamu-137 ambao usiku ulitoa mwanga wa buluu, na watu waligawiana kama zawadi. Mtoto wa miaka 6 alikula chakula mikono yake ikiwa na unga huo. Zilipita zaidi ya wiki mbili kabla ya mtaalamu mmoja kuazima kifaa cha kupimia. Alipokiwasha kikafika mwisho wa kipimo, naye akadhani kimeharibika, akaenda kuchukua kingine. Watu wapatao 112,000 walipimwa, 249 wakakutwa wamechafuka, na wanne walifariki, akiwemo mtoto yule.

Tiba iliyosaidia ilikuwa, tena, ya kikemia: rangi ya buluu ya Prussia, inayotumiwa na wachoraji, ikitengenezwa kama dawa hunasa sesiamu utumbo unapoitoa na kuizuia isirudi kwenye damu, hata muda wa nusu yake kutoka mwilini ukapungua kutoka siku 110 hivi hadi siku 30 hivi.

Kwa hiyo chuma kidogo kizito isivyo kawaida, kilichofungwa ndani ya risasi, chenye alama ya panga tatu kuzunguka kidoa juu ya rangi ya njano, au ile pembetatu nyekundu yenye fuvu na mtu anayekimbia, kisifunguliwe, kisikatwe na kisiyeyushwe. Sogea mbali, kwani ukiongeza umbali mara mbili mionzi hupungua hadi robo. Zuia wengine wasikaribie. Mwambie polisi, nao wawaite wataalamu. Waliokigusa waandikwe majina, wanawe mikono, na wasile wala kuvuta sigara kabla ya kupimwa.

Nimepewa aidini-131 hospitalini kutibu thairoidi. Lini naweza kumbeba mtoto wangu?

Wewe, tofauti na mtu wa eksirei, umemeza kaa kwa makusudi mazuri, na kwa siku kadhaa mwili wako utatoa mionzi, na aidini itatoka kwa mkojo, mate na jasho. Idadi ya siku hutegemea kiasi ulichopewa, kwa hiyo fuata karatasi uliyoandikiwa na daktari wako, wala usifuate ya mgonjwa mwenzako. Kwa kawaida utaambiwa ulale peke yako, uwe na vyombo vyako, umwage maji chooni mara mbili, na usikae karibu na watoto wala wajawazito. Mama anayenyonyesha huacha kumnyonyesha mtoto huyo moja kwa moja, tena kabla ya kumeza dawa, kwa sababu aidini hupita kwenye maziwa na kuelekea katika tezi ya mtoto. Na mwenye ujauzito hapewi dawa hii kabisa.