Si kila uchafu ukeni ni fangasi

“Ni fangasi tu, nesi, nimeshanunua dawa.” Kauli hii naisikia kliniki ya wajawazito mara nyingi mno, na inaniuma.

Mama anatokwa na uchafu, anakwenda duka la dawa, anaeleza kwa sauti ya chini kwa sababu kuna watu nyuma yake, anapewa vidonge vya kuweka ukeni. Hakuna aliyemuuliza uchafu una rangi gani, unanuka au haunuki. Wiki inaisha, harufu iko palepale, ananunua paketi nyingine. Wengine wanauziwa flukonazo ya kumeza, dawa ya fangasi ambayo mjamzito hapaswi kujinunulia. Na mimba inazidi kukua.

Fangasi huleta uchafu mzito, mweupe, wa mabongemabonge, na muwasho mkali, bila harufu kali. Uchafu mwepesi wa kijivu wenye shombo ya samaki, hasa baada ya tendo la ndoa, mara nyingi ni vajinosisi ya bakteria: bakteria wanaoulinda uke wamepungua na wengine wamejaa. Hii inahusishwa na chupa kupasuka mapema na kujifungua kabla ya wiki 37. Uchafu wa manjano au kijani wenye povu, na mkojo unachoma, unaweza kuwa trikomonasi, ugonjwa wa zinaa. Klotrimazo, vile vidonge vya kuweka ukeni, ni dawa ya fangasi. Hayo mawili haiyaponyi. Na ute mweupe mwepesi, usionuka wala kuwasha, ni hali ya kawaida ya ujauzito, hauhitaji dawa yoyote.

Kwa hiyo njoo upimwe kabla hujaweka kitu. Ukija umeweka kidonge usiku, asubuhi tunachokiona ni mabaki ya dawa, na majibu ya kipimo yanaharibika.

Kujisafisha ndani kwa sabuni, ndimu au shabu hakuondoi ugonjwa. Kunawaondoa walewale bakteria walinzi. Nawa nje kwa maji, basi.

Wengine huogopa metronidazo, dawa ya vajinosisi na trikomonasi, eti inatoa mimba. Imetumiwa na wajawazito kwa miaka mingi na haijaonekana kuharibu mimba. Ukiandikiwa ya siku 7, maliza siku 7. Kama ni trikomonasi, baba naye atibiwe wakati huohuo, vinginevyo atakurudishia.

Wapo pia wanaomeza antibiotiki bila dalili yoyote ili “wasizae njiti”. Hapana! Utafiti mkubwa wa Ufaransa uliochapishwa 2018 uliwapa antibiotiki ya klindamaisini wajawazito wenye vajinosisi ambao hawakuwa katika hatari kubwa ya kuzaa njiti, na haikupunguza watoto wanaozaliwa mapema sana. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa 2001, wajawazito wenye trikomonasi isiyo na dalili waliopewa metronidazo walijifungua njiti kwa wingi zaidi: asilimia 19, dhidi ya takriban 11 kwa wasiopewa. Mwenye dalili anatibiwa. Kumeza kwa kubahatisha si kinga.

Na uchafu ukeni si UTI. UTI ni ya njia ya mkojo, na bakteria kwenye mkojo wa mjamzito hutibiwa hata kama hasikii maumivu, kwa sababu wanaweza kupanda hadi kwenye figo. Usikatae kutoa mkojo kliniki. Na kama uliwahi kuzaa njiti, sema hudhurio la kwanza, bila kungoja kuulizwa.