Samaki wa Ziwa Victoria wanahesabiwaje?

Tangu Ziwa Tanganyika lilipofungwa, uvuvi ukasitishwa ili samaki wazaliane, Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, kuna swali linalotufuata kila mwalo (mahali mitumbwi inaposhusha samaki) tunaofika kupima samaki, hata huku Ziwa Victoria: "Mnasema samaki wamepungua, nani aliingia majini akawahesabu?" Swali ni halali. Madai kwamba takwimu hupikwa ofisini ili wavuvi wabanwe si halali, na yameanza kuharibu kazi yenyewe.

Hakuna aliyewahesabu mmoja mmoja. Wapo wanaotuonyesha kwenye simu jinsi salmoni wanavyohesabiwa kule Alaska na kutuuliza tumeshindwa nini. Salmoni huzaliwa mtoni, hukulia baharini, kisha hurudi mtoni kutaga, kwa hiyo wote hupita njia moja. Kwenye mito ya Bristol Bay mhesabuji hukaa juu ya mnara ukingoni, huhesabu kwa macho dakika 10 za kila saa, na idadi huzidishwa mara 6. Hata huko, basi, ni makadirio. Kwetu mwenye tabia inayokaribia hiyo ni ningu, apandaye mito wakati wa mvua kutaga, na nyavu zilizotegwa midomoni mwa mito zilimpunguza vibaya zamani sana. Sangara na dagaa hawana mlango wa kupitia. Wametawanyika katika ziwa la karibu kilomita za mraba 68,800.

Ndiyo maana tunatumia sauti. Meli ya utafiti hufuata mistari iliyopangwa, na chombo kilichofungwa chini yake hutuma mlio majini na kupokea mwangwi. Kinachorudisha mwangwi zaidi ni kibofu cha hewa ndani ya samaki. Sangara mkubwa hutoa mwangwi wenye nguvu wa peke yake, kundi la dagaa huonekana kama wingu. Chombo hupimwa kwanza kwa tufe dogo la metali ambalo mwangwi wake unajulikana, na wavu wa kukokota hushushwa ili kuthibitisha ni samaki gani walioonekana. Taasisi za utafiti za Tanzania, Kenya na Uganda zimekuwa zikifanya kazi hii tangu 1999, zikiratibiwa na Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria (LVFO) lenye makao Jinja. Njia hii ina mipaka yake: meli haifiki penye maji mafupi na magugu, kwa hiyo sato wa pembezoni hawamo kwenye hesabu hiyo. Anayeitumia kumzungumzia sato amekosea, hata awe mtaalamu.

Sehemu dhaifu zaidi ya hesabu iko nchi kavu. Sensa ya uvuvi, ambayo kwa kawaida hufanyika kila baada ya miaka 2, huhesabu mitumbwi, injini, nyavu na wavuvi. Kati ya sensa na sensa, wakusanya takwimu hupima mavuno kwenye mialo iliyochaguliwa, siku chache kila mwezi. Tuseme mitumbwi 40 imeingia ziwani, tumepima 10, wastani ni kilo 35: mwalo umetoa kilo 1,400 siku hiyo. Siku zenyewe lazima zichaguliwe kwa uangalifu. Ukipima dagaa wakati wa mbalamwezi tu, taa za wavuvi zinaposhindwa kuwavuta, utaandika kwamba dagaa wamekwisha.

Sasa mvuvi anamwona mwenye daftari, anadhani ni mtoza ushuru, anaficha nusu ya samaki. Kilo 35 zinakuwa 17. Kwenye karatasi samaki wamepungua kwa nusu, na mapendekezo ya kubana uvuvi yanaandikwa kutokana na karatasi hiyo. Tumeeleza mara nyingi, na tunaeleza tena: mkusanya takwimu hatozi ushuru, hakagui leseni, hakamati mtu.

Anayekamata ni afisa uvuvi mwenye mamlaka chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, kwa upande wa Tanzania. Kuwa na kokoro, wavu wa kuburuta uliopigwa marufuku, ni kosa hata kama halijaloa maji. Zana haramu hukamatwa, huorodheshwa, mhusika husaini hati ya ukamataji, na zana hizo huteketezwa kwa kibali cha mahakama. Sangara chini ya sentimita 50 humweka matatani mvuvi, mnunuzi na msafirishaji, kila mmoja kwa nafasi yake. "Nilinunua tu" si utetezi. Adhabu ni faini, kifungo au vyote viwili, kwa uamuzi wa mahakama. Makala haya hayatangazi kanuni mpya wala kufungwa kwa ziwa. Matangazo ya aina hiyo hutolewa na Wizara.

Mwenye shaka na takwimu za mwalo wake aanzie kwa viongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa mwalo), kisha ofisi ya uvuvi ya halmashauri. Upimaji ni bure. Akitokea mtu anayedai fedha, au kitoweo, ili akupimie samaki, chukua jina lake na umripoti kwa afisa uvuvi siku hiyohiyo.