Je, wajua? Mzinga wa manowari ya baharini ulifikaje Mwanza?

Mwaka 1916 mji wa Mwanza ulikuwa na mzinga uliotoka kwenye manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg. Manowari yenyewe haikuwahi kuliona Ziwa Victoria. Ilikuwa imelala kwenye matope ya delta ya Rufiji.

Königsberg ilifika Dar es Salaam Juni 1914 ikiwa na mizinga 10 ya milimita 105. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia vilipoanza iliizamisha manowari ya Waingereza, Pegasus, bandarini Unguja tarehe 20 Septemba, kisha ikajificha Rufiji. Manowari kubwa hazikuweza kuifuata kwenye maji mafupi kama yale. Zilizoweza ni Severn na Mersey, na habari yao inanistaajabisha kila nikiikumbuka: ziliundwa Uingereza kwa ajili ya jeshi la majini la Brazili, zikafanye kazi Mto Amazon. Vita vilipozuka, Waingereza wakazinunua wao. Hivyo ndivyo meli za Amazon zilivyoingia Rufiji na kuimaliza Königsberg, 11 Julai 1915.

Wajerumani wakaiopoa mizinga, ikakokotwa hadi Dar es Salaam, na mafundi wa karakana wakaitengenezea magurudumu. Mmoja ulifungwa kwenye meli ya Götzen huko Kigoma, ambayo ndiyo MV Liemba tunayoijua. Mwingine ukaletwa Mwanza.

Kwa nini Mwanza? Kwa sababu meli za Waingereza ndizo zilizotawala ziwa. Reli yao ilifika Kisumu tangu 1901, ikaleta meli vipande vipande zikaungwa pale pale ufukweni. Vita vilipoanza, meli za abiria na mizigo kama Winifred, Nyanza na Usoga zikapandishwa silaha. Wajerumani walikuwa na tagi yao (meli ndogo ya kuvuta nyingine) iitwayo Muansa, isingefua dafu. Kilichohitajika ni mzinga wa nchi kavu wa kuziweka meli hizo mbali na bandari, na ule wa Königsberg ulifika karibu kilomita 12.

Sasa fikiria safari yake. Reli ya Kati ilikuwa imefika Tabora tangu 1912, lakini Mwanza reli haikufika hadi 1928. Toka Tabora kuja ziwani, mtutu wa chuma wenye urefu wa zaidi ya mita 4 ulipaswa kukokotwa ardhini. Anayeijua mbuga ya Usukuma anajua udongo wake mweusi ukilowa unavyonasa gurudumu. Majina ya makamanda wa vita vile yameandikwa vitabuni, akina Max Looff wa Königsberg. Ya wapagazi waliobeba na kuvuta mizigo ya vita hivyo hatunayo, na naona huo ni upungufu mkubwa wa historia yetu.

Mwishowe Waingereza waliukwepa mzinga. Juni 1916 waliitwaa Ukerewe, kisha Julai wakashusha askari Kongoro, kaskazini mashariki ya mji, wakaja kwa miguu. Tarehe 14 Julai waliingia Mwanza, Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea Tabora.

Mizinga mitatu ya Königsberg ipo hadi leo. Mmoja uko Pretoria na mwingine Mombasa, nje ya Fort Jesus. Wa tatu uko Jinja, Uganda, kwenye ziwa hili hili.