Kizuri hakijiuzi kikiwa ndani ya tenga lililofunikwa

Kila nikiongea na vijana kuhusu kujijengea jina kazini, lazima atokee mmoja wa kunitupia methali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Huitoa huku anatabasamu, kama mtu aliyebakiza kete ya mwisho. Mimi humuuliza kama amewahi kwenda soko la samaki la Feri alfajiri. Pale mnunuzi humfunua samaki shavu, akaangalia kama matamvua bado mekundu, akabonyeza nyama kwa kidole, ndipo akataja bei. Samaki kajiuza, sawa. Lakini kuna mtu aliyemtoa kwenye tenga akamlaza mezani, mahali ambapo shavu linafunulika.

Kazi yangu ni kuwatafutia waajiri watu. Mwaka wa 14 huu niko nayo hapa Dar es Salaam, na wengi ninaowatafuta ni mafundi, watunza ghala, wahasibu na wasimamizi wa hoteli. Haya mambo ya "chapa binafsi" yalishika kasi baada ya Tom Peters kuandika makala katika jarida la Fast Company mwaka 1997, akimtaka kila mfanyakazi ajitazame kama bidhaa yenye nembo. Sisi tulikuwa na neno letu zamani: jina. "Yule ana jina." Na kwa nilivyoona mimi, jina ni sentensi moja tu, ile watu wanayoisema kuhusu wewe ukiwa haupo.

Kuna kijana fundi wa majokofu na viyoyozi. Mwenye friza Dar anaujua ule wimbo: "Gesi imeisha." Fundi anakuja, anajaza, analipwa, na baada ya miezi miwili nyama imeanza kutoa maji tena. Sasa gesi ya jokofu si petroli. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, haitumiki ikaisha. Ikipungua, kuna mahali inavuja. Kijana huyu akifika kwa mteja huchanganya sabuni na maji kwenye kikombe, akapaka kwenye viungio vya bomba kwa brashi ya rangi, akasubiri. Penye tundu, povu linaanza kuvimba taratibu. Hapo anatoa simu, anarekodi sekunde 20 hivi, anaweka status WhatsApp na maneno machache: "Hili friza limejazwa gesi mara tatu mwaka huu. Tundu ni hili hapa."

Hana nembo, hana picha ya suti, hana "karibuni kwa huduma bora na za uhakika". Ni povu tu.

Muuza nyama mmoja aliyetengenezewa friza na kijana huyo alimwonyesha mteja wake moja ya video zile, na mteja mwenyewe alikuwa msimamizi wa hoteli. Siku chache baadaye simu yangu ikaita: "Dada, nataka fundi wa kudumu. Nitafutie yule kijana wa povu." Hakuulizia cheti. Cheti cha ufundi cha VETA kijana alikuwa nacho, ila wote waliokuwa kwenye orodha yangu walikuwa nacho pia. Walichokosa wengine ni ile sentensi.

Angalia njia iliyopita habari ile: fundi, muuza nyama, msimamizi, mimi. Hakuna ndugu humo, wala rafiki wa kushibana. Mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha mwaka 1973 utafiti uliogusa jambo hili hili. Kati ya watu aliowahoji waliopata kazi kupitia mtu, karibu 17 tu katika kila 100 walisema mtu huyo walikuwa wakionana naye mara kwa mara. Waliobaki walisaidiwa na watu wa kuonana nao mara moja moja au kwa nadra. Miaka mingi baadaye, mwaka 2022, jarida la Science likachapisha jaribio lililofanywa ndani ya LinkedIn, mtandao wa mambo ya kazi, kwa watumiaji wapatao milioni 20, nalo likaelekea huko huko. Sababu haifichiki. Wa karibu yako wanajua nafasi zile zile unazozijua wewe, wakati muuza nyama ana wateja usiowahi kuwaona. Ila muuza nyama hatabeba wasifu wako wa kurasa nne. Atabeba povu.

Mwenyewe nilichelewa kuelewa hili. Nilipoanza, ukurasa wangu wa LinkedIn ulisomeka "mtaalamu mbunifu, mwenye shauku, anayejituma na anayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo". Nasoma maneno hayo kwenye wasifu kila siku ya Mungu, na hayajawahi kunisaidia kumtenga mwombaji mmoja na mwingine. Nikayafuta. Mahali pake nikaandika kwamba natafuta mafundi na watunza ghala, na kwamba kila mwombaji aliyefika kwenye usaili wangu hujibiwa, awe amepata au amekosa. Sehemu ya pili ndiyo iliyoniletea wateja, jambo ambalo sikulitarajia.

Kosa langu jingine lilikuwa kubwa zaidi. Siku moja, baada ya usaili mrefu, nilipiga picha ya meza ili nionekane mchapakazi, nikairusha mtandaoni. Rafiki yangu akanipigia: ukivuta picha, jina na namba ya simu ya mwombaji vinasomeka vizuri. Niliifuta ndani ya dakika chache, lakini usiku ule sikulala vizuri. Siku hizi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, jina langu mimi ni kutunza siri za watu. Nilikuwa nalibomoa huku nikidhani nalijenga.

Kabla ya video na machapisho, kuna jambo dogo la aibu: je, jina lenyewe ni moja? Cheti cha kidato cha nne kinasema Salum, kitambulisho cha NIDA kinasema Salim, Facebook anajiita jina la msanii, na baruapepe aliifungua akiwa na miaka 16, kwa hiyo mnaweza kukisia. Nikimtafuta mtu huyo mtandaoni nakutana na watu wanne. Tofauti za kwenye vyeti zimalize kwa hati ya kiapo mapema, usingoje asubuhi ya usaili. Baruapepe mpya ni bure.

Na wadhamini, wale watatu unaowaandika mwisho wa wasifu? Mimi huwapigia. Swali langu la kwanza si kama unafaa, maana wote watasema unafaa. Nauliza: "Niambie siku moja aliyokusaidia." Hapo ndipo ukimya unapoanza. "Ni kijana mzuri... mcha Mungu... hana shida." Mwingine anajibu palepale: "Mwisho wa mwaka hesabu za ghala ziligoma, akarudi Jumapili akakuta katoni zimehesabiwa mara mbili." Simu ya namna hiyo huisha kwa dakika tatu na nimeshajua ninachotaka. Kwa hiyo mkumbushe mdhamini wako, bila haya, kazi mliyofanya pamoja. Huko si kujikweza. Mtu ana mambo yake, atakumbukaje katoni za miaka mitano iliyopita?

Wiki iliyopita kijana wa povu alinipigia. Ameajiriwa hotelini sasa, video zimesimama, na watu wanamuuliza amepotelea wapi. Anaogopa kumuudhi bosi. Nikamwambia aombe ruhusa kwa maandishi, asirekodi vyumba wala wageni, na asiseme friza ni la wapi.

"Na nembo ya hoteli kwenye shati, dada?"

Rekodi mkono tu, nikamwambia. Mkono na povu.