Gitaa la umeme halidai mbao za bei ghali

Wengi wanaotaka kuunda gitaa la umeme hukwama mwanzoni kabisa: wameambiwa kwamba bila mkangazi au mbao nyingine ya bei, hakuna sauti. Si kweli. Gitaa la kawaida hutegemea ubao wake kutikisa hewa. La umeme lina kinasa chini ya nyuzi, yaani sumaku iliyozungushiwa maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba wa shaba. Uzi wa chuma ukitetemeka juu yake, huzaliwa mkondo mdogo wa umeme, na huo ndio unaokwenda kwenye amplifaya.

Mpiga gitaa Mmarekani Les Paul alilionyesha hili mapema miaka ya 1940. Gitaa lake la majaribio lilikuwa gogo la paini, akalibandika mbavu za gitaa la kawaida ili lifanane na gitaa. Baadaye Danelectro, kampuni ya magitaa ya Marekani, walitumia hadibodi, yaani ubao wa nyuzinyuzi za mbao zilizoshindiliwa.

Kwa kiwiliwili, basi, paini inatosha, mradi iwe kavu kabisa. Ibonyeze kwa ukucha: itaacha alama, ndiyo maana shingo isiwe ya paini. Hapo ndipo pesa yako iende: mbao ngumu, iliyonyooka, isiyo na vifundo.