Bei ya Gari Hushuka, ya Spea Haishuki: Dhana Potofu kuhusu Magari ya Kifahari ya Porini

Anayetamani Range Rover, Lexus LX au Mercedes G-Class, iko siku atakutana na tangazo litakalomnyima usingizi. Gari lina miaka kumi, rangi bado inang'aa, viti ni vya ngozi, na bei yake inakaribiana na ya gari dogo jipya. Hapo ndipo inapoanza dhana iliyowaumiza watu wengi kuliko zote.

Dhana: Gari likishuka bei, na gharama zake zimeshuka.

Kilichoshuka ni bei ya gari peke yake. Spea zake ni zilezile za gari ghali, na saa za fundi anayelijua ni zilezile. Aliyelinunua jipya na aliyelinunua kwa robo ya bei wakienda dukani kutafuta kompresa (pampu) ya springi za hewa, ile mifuko ya mpira inayolibeba gari kama Range Rover badala ya springi za chuma, wanatajiwa bei moja. Tofauti ni kwamba wa kwanza alikuwa na waranti, na wa pili amelipata gari katika umri ambao vitu vinaanza kuharibika.

Chukua hizo springi za hewa. Unatoka asubuhi unakuta kona moja ya mbele imeinama, bodi imelifunika tairi. Unawasha injini, kompresa inanguruma, gari linainuka taratibu, unaondoka. Wengi huridhika hapo: mradi limeinuka, ni zima. Lakini mfuko wa hewa ni mpira, na mpira huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa tu. Hutoa nyufa ndogo kwenye mikunjo yake, na hewa huvuja usiku kucha. Kompresa inabaki kufidia hewa inayopotea, inafanya kazi kuliko ilivyokusudiwa, inapata joto, mwisho inakufa. Aliyeahirisha kununua mfuko mmoja sasa anatafuta mfuko na kompresa.

Kabla ya kununua, pima kwa futi kamba kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi ulio juu yake, kona zote nne. Omba gari lilale hapo, kisha upime tena asubuhi kabla hata ya kufungua mlango. Gari zima kushuka kidogo kwa usawa si jambo la kutisha. Kona moja kushuka peke yake ndiyo ya kuuliza. Muuzaji akikataa gari lake lipimwe hivyo, mimi nisingeendelea na mazungumzo.

Dhana: Kadiri lilivyo ghali, ndivyo linavyoweza porini.

Sehemu kubwa ya pesa ya ziada huenda kwenye ngozi, muziki na rimu. Range Rover ya kizazi kilichotoka mwishoni mwa 2021 inaweza kuwekewa rimu za inchi 23. Rimu ikikua, ukuta wa tairi unakuwa mwembamba. Ukuta mwembamba hauwezi kupunguzwa upepo vya kutosha kwa ajili ya mchanga, na ukigonga jiwe, rimu yenyewe ndiyo inayoumia. Defender, ndugu yake wa kampuni hiyohiyo ya Land Rover, yenye rimu za chuma za inchi 18 na bei ya chini zaidi, ingenipa amani kubwa kwenye mawe.

Hapohapo ongeza hesabu ya matairi. Kwenye gari linaloendesha magurudumu manne muda wote, kuchanganya tairi moja jipya na matatu yaliyolika ni kosa: vipimo vya mzunguko vinatofautiana, na difu (gia zinazoruhusu magurudumu kuzunguka kwa kasi tofauti) zinafanya kazi kila mita unayotembea, hata kwenye lami iliyonyooka. Ndiyo maana tairi moja likipasuka, mara nyingi unajikuta unanunua mawili au manne.

Dhana: Limeundwa kwa ajili ya porini, kwa hiyo porini hapalidhuru.

Niliwahi kumsindikiza rafiki kuangalia gari la namna hii. Juu lilikuwa limeoshwa likameremeta. Nikalala chini na tochi. Bamba la kinga chini ya injini lilikuwa limebonyea, na juu ya chesisi, mahali ambapo maji ya kuoshea hayafiki, kulikuwa na tope kavu lililoshikana. Fundi tuliyekwenda naye akafungua nati ya difu ya nyuma: oili ilitoka na rangi ya chai ya maziwa. Maji yalikuwa yameingia. Tuliondoka.

Kampuni hutangaza kina cha maji gari linachoweza kuvuka. Kwa Range Rover ya sasa, na Defender ya sasa yenye springi za hewa, ni milimita 900; kwa G-Class ya injini ya mafuta ni milimita 700. Kipimo hicho ni cha gari lisilo na hitilafu, linalokwenda polepole kwa namna iliyoelekezwa. Baada ya kuvuka maji ya kina, oili za difu hukaguliwa. Mwenye kumbukumbu za sevisi zinazoonyesha kazi hiyo ni muuzaji wa kumwamini.

Dhana: Oili ya giaboksi ni ya maisha, haibadilishwi.

ZF, wanaotengeneza giaboksi ya gia 8 inayotumika kwenye Range Rover na magari mengine mengi, wao wenyewe wanashauri oili yake ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Gari linalovuta trela au kupanda milima lisingoje mwisho wa kipimo hicho.

Dhana: Yote hupoteza thamani kwa kasi moja.

Hapana. Yapo yanayoshikilia bei: Land Cruiser 300 ilipotoka mwaka 2021, Toyota iliwataka wanunuzi wa Japani watie saini ahadi ya kutoliuza ndani ya mwaka mmoja, kwa sababu ya hofu kwamba wachuuzi wangelipeleka nje kwa bei ya juu. Magari mengine ya daraja hilohilo hupoteza sehemu kubwa ya bei yake katika miaka mitatu ya mwanzo. Kwa mnunuzi wa gari lililotumika, bei isiyoshuka ina maana utalipa zaidi leo na kurudishiwa zaidi siku ya kuuza.

Dhana: Bima hufuata bei ya gari tu.

Hufuata pia hatari ya kuibwa. Mwaka 2023 wenye Range Rover wengi Uingereza, hasa London, walihangaika kupata bima, wengine wakatajiwa bei za kushtua, kwa sababu wezi walikuwa wakiyaandama magari hayo. Omba kampuni mbili tatu za bima zikupe makadirio kwa maandishi, kwa gari hilohilo unalolitaka, kabla hujatoa hata arbuni.