Mwanangu hagusi hata dagaa

Swali: Mwanangu amerudi Mikindani kutoka Dar. Hali samaki, hali mayai, hanywi maziwa, hata asali anaikataa. Anasema siku hizi dunia nzima inakula hivyo. Ni kweli?

Si kweli, mama. Huo ni uvegani: kuacha kila kinachotokana na mnyama. Neno lenyewe lilitungwa Uingereza mwaka 1944, na wenyewe bado ni wachache. Gallup, kampuni ya kukusanya maoni ya watu, walipowauliza Wamarekani mwaka 2023, mtu mzima mmoja tu kati ya 100 alisema ni vegani. Kwenye simu wanaonekana wengi kwa sababu wanasema sana. India wapo mamilioni wasiokula nyama, ila wengi wao maziwa wanakunywa.

Swali: Kwani na sisi si tunakula hivyo hivyo? Ugali wa muhogo, kisamvu cha nazi, mbaazi.

Siku nyingi, ndiyo. Mbaazi, kunde, njugumawe na karanga zina protini nzuri, mradi ziliwe za kutosha. Ila aliyechagua si sawa na aliyekosa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mkoani Mtwara watu walipooza miguu ghafla kwa konzo: walikula muhogo mchungu ambao sumu yake haikutolewa vizuri, na protini hawakuwa nayo ya kutosha. Kupooza huko hakuponi.

Swali: Sasa niwasikilize watu au nisiwasikilize?

Inategemea wanasema nini. Bibi akikueleza ming'oko, vile viazi vya porini, inavyochemshwa, msikilize. Akikosea, tumbo litamsuta usiku huohuo, kwa hiyo makosa ya namna hiyo hayadumu kijijini.

Vitamini B12 ni habari nyingine. Mimea haina, na ini la mtu aliyezoea samaki na nyama huweka akiba ya miaka kadhaa. Ndiyo maana kijana anaacha samaki leo, mwakani yuko mzima, anawatolea wenzake ushuhuda, nao wanaamini. Hasemi uongo, ila anakula akiba tu. Ikiisha, anachoka, damu inapungua, nyayo zinakufa ganzi, anasahausahau, na hapo hakuna anayekumbuka kwamba aliacha dagaa. Akichelewa kutibiwa, mishipa ya fahamu inaweza isirudi ilivyokuwa. Katika jambo linalochukua miaka kujitokeza, wingi wa mashahidi wa mwaka mmoja haunisaidii. Nauliza kipimo cha damu.

Swali: Mlonge hautoshi?

Una mengi mazuri, lakini B12 hauna.

Swali: Nimfanyeje?

Usimgombeze. Muongezee mbaazi na kunde, halafu anunue vidonge vya B12 duka la dawa na amuulize mfamasia namna ya kuvitumia. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 kwa siku. Kama ana mke mjamzito au anayenyonyesha ambaye naye anataka kumfuata, waende kliniki kwanza, maana mtoto hutegemea alicho nacho mama. Na siku akikubali dagaa kidogo juu ya kisamvu, mpakulie bila kumcheka, hata kama wenzake wa kwenye simu watamfuta uvegani.